Mama Mkwe na Bonde Lisilorudi Nyuma

Mama mkwe wangu alianza kucheza gemu akiwa amefungwa hogo, ile plasta ngumu, mguuni. Alikuwa ameteleza bustanini nyuma ya nyumba, asubuhi ya umande, akichuma mboga za figiri, na daktari akasema mfupa wa kifundo umepasuka, asikanyage chini mpaka atakaporuhusiwa. Kwa mwanamke aliyezoea kuamka kabla ya kila mtu, akafagia uwanja, akamwagilia, akaenda mazoezi ya kwaya na kurudi kuuliza kwa nini chai haijachemka, hiyo ilikuwa hukumu nzito. Alikaa kwenye kochi la sebuleni, mguu juu ya stuli, blanketi mapajani, akiitazama baridi ya Iringa ya mwezi wa sita kupitia dirishani kama mtu aliyenyang'anywa shamba.

Mimi nilikuwa mkamwana mgeni. Nimezaliwa Tukuyu, nikasomea ualimu Mbeya mjini, na ndoa ndiyo iliyonileta Iringa, kwenye nyumba yake iliyo chini ya miamba. Mume wangu ni fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Kazi zake ziko Rujewa na Igawa, na nyumbani anakuja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo tulibaki wawili, mimi na mama yake, tukiheshimiana kupita kiasi. Ilikuwa heshima ya watu wasiojuana: shikamoo mama, marahaba mwanangu, umelalaje, nimelala salama, kisha kimya. Nikipika alikula chote na kushukuru, nami sikuwahi kujua kama chakula kilikuwa kizuri.

Shule zilipofungwa, ukimya ule ukawa wa kutwa nzima. Siku moja mchana nilipodhani amesinzia, niliwasha mashine ya gemu aliyoinunua mume wangu enzi za ukapera, nikapunguza sauti, nikaanza safari niliyokuwa nimeipania siku nyingi.

Gemu yenyewe inahusu familia kadhaa zinazohama nchi iliyokauka kwenda kutafuta bonde la kuishi. Mchezaji ndiye kiongozi wao. Hakuna bunduki wala mbio za magari. Kuna kuamua tu. Na ukishaamua umeamua. Kila uamuzi unapopita, kwenye runinga inatokea picha ya kisima na jiwe linatumbukia ndani, na unasikia mlio wa maji kule chini. Baada ya hapo gemu inajihifadhi yenyewe juu ya ile ya zamani. Hakuna kurudi nyuma wala kuanzia pale ulipokosea. Aliyekufa amekufa, na aliyekasirika anabaki na hasira yake.

Nilikuwa nimewafikisha watu wangu kwenye mto uliofurika niliposikia sauti nyuma yangu.

"Hao watu wanakwenda wapi?"

Nilishtuka nikataka kuzima. Akasema nisizime, nimjibu. Nikamweleza. Maneno ya gemu yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo nikawa namtafsiria: mto umejaa, mtumbwi ni mdogo, wachukue magunia ya unga au wachukue mbuzi. Mama mkwe wangu hakufikiri mara mbili. Alisema unga ukilowana ni uji, ila mbuzi anatembea mwenyewe na anazaa. Nikachagua mbuzi. Jiwe likatumbukia.

Ng'ambo ya mto njaa ikaingia kabla mbuzi hawajazaa, na mzee mmoja mpiga ngoma, ambaye kila jioni alikuwa akiwachezesha watoto wa msafara, akafariki. Mama alikaa akiitazama runinga. Aliniuliza tunamrudishaje. Nikamwambia harudi. Akauliza tena, akidhani sijamwelewa: turudi pale mtoni, tuchukue unga. Nikamwambia gemu hii haina kurudi.

"Basi tumzike vizuri," akasema.

Gemu ilitupa nafasi ya kuchagua mahali pa kaburi. Alitaka juu kilimani, penye upepo, na wakati wale watu wadogo wakichimba aliimba ubeti mmoja wa wimbo wa mazishi, kwa sauti ya pili, ile anayoimba kwaya. Nilijikuta nimekaa wima kama niko msibani. Kesho yake, kabla sijamaliza kuosha vyombo, aliniita akauliza kama watu wetu wameshaamka.

Tulifika bondeni, tukajenga, tukalima. Mimi nilishika padi ya kuchezea kwa sababu vidole vyake havikutaka kuzoea vile vitufe, lakini kiongozi alikuwa yeye. Aliweka na masharti. Hatuchezi kabla ya kula. Jumapili hatuchezi kabla ya ibada, hata kama yeye mwenyewe ibada anaisikiliza redioni. Na uamuzi wowote unaohusu watoto tunalala nao kwanza, tunaamua kesho. Watu wa bondeni aliwaita kwa tabia zao: yule mchoyo, yule mcheshi, yule mwenye mguu mbovu kama wangu. Msichana mmoja mfuga nyuki, mwembamba, anayetembea huku akirukaruka, alimpenda kuliko wote. Alimwita binti yangu.

Wanakwaya wenzake walipokuja kumpa pole na ndoo ya mahindi mabichi, aliniambia niwashe mashine wawaone watu wake. Nilidhani watacheka. Walicheka kwa muda mfupi tu. Bondeni kulikuwa na mbao za kutosha jambo moja: kujenga daraja au kujenga ghala. Mwenyekiti wao, mama mmoja mpole ambaye kanisani husikii sauti yake mpaka wimbo uanze, alitaka daraja na hakutaka kusikia lingine. Mwenye ndoo ya mahindi alisema daraja ni la watu wenye kiherehere, mwenye akili anaweka akiba. Walibishana mpaka chai ikapoa. Ikapigwa kura kwa kunyoosha mikono, daraja likashinda, nikabonyeza. Kupitia daraja lile walikuja wafanyabiashara wenye vitambaa na chumvi, bonde likachangamka, na pamoja nao ukaja ugonjwa wa kuku ulioteketeza kuku wote. Tangu siku hiyo yule mama wa ghala kila alipofika alianza kwa kuuliza, kabla hata ya salamu, kama bondeni kuna mayai.

Mume wangu alipopiga simu na kuambiwa haya hakuamini. Halafu, kwa kuwa ni fundi, akatoa ufundi. Alisema iko njia: kabla ya kuamua jambo kubwa nichomeke flashi, nikopi faili la gemu, mambo yakiharibika nalirudisha lile la zamani. Simu ilikuwa kwenye spika. Nilimtazama mama, nikaona hajapendezwa.

"Huko ni kuwadanganya," alimwambia mwanawe. "Wao wamelia kweli, mimi nijifanye hakijatokea kitu?"

Mume wangu akasema mama, ni picha tu. Akamjibu kwamba hajasema si picha. Jambo likaishia hapo.

Sasa nieleze habari ya wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, kitinda mimba wa nyumba ile. Ni muuguzi wa zahanati moja huko Rujewa. Alikuwa amepata mchumba, kijana wa ukoo wa wafugaji waliohamia Usangu, mbuga zinazozunguka Rujewa, zamani kutoka kaskazini, Wasukuma, ambao sasa wana mashamba ya mpunga na ng'ombe pia. Kabla mguu haujavunjika alikuwa amekuja nyumbani kulisema jambo hilo, na mama akakataa. Hakupiga kelele. Alisema wale ni watu wa kuhama na mifugo, leo wako Usangu, kesho utasikia wameshafika Lindi, na yeye hana miguu ya kwenda kumtafuta mtoto wake Lindi. Wifi alisikiliza, akafunga begi, akarudi kazini. Baada ya hapo simu zake zikawa fupi. Aliuliza mguu unaendeleaje, akatuma salamu, akakata. Mimi, mgeni wa nyumba, sikuingilia.

Basi siku moja asubuhi, bonde letu likiwa na mavuno mazuri, yule binti mfuga nyuki alikuja mbele ya nyumba ya kiongozi akasimama. Maneno yakatokea chini ya runinga. Niliyasoma kimoyomoyo.

"Anasemaje?" mama akauliza.

Nilifikiria kumdanganya. Ningeweza kusema anaomba mizinga mipya, nikabonyeza jibu lolote, yakaisha. Lakini nilikuwa nimemtafsiria kila kitu kwa uaminifu tangu siku ya mto, hata matusi ya yule mchoyo. Nikamwambia: anaomba ruhusa aolewe na kijana wa wale wachungaji wanaopita na ng'ombe ukingoni mwa mbuga.

Alinitazama kuona kama namtania. Alipoona sitanii, akageukia runinga.

"Mwambie hapana."

Nikamkumbusha sharti lake, kwamba mambo ya watoto tunalala nayo. Akasema hili halihitaji kulaliwa. Nikabonyeza. Binti aliinamisha kichwa, akaondoka bila kurukaruka, na jiwe likatumbukia kisimani.

Tulipocheza tena, hakuwepo. Alikuwa ameondoka bila kuaga mtu. Mizinga yake ilibaki, nyuki wakahama mmoja mmoja, na asali ikaisha bondeni. Mama alisema tutume watu wamfuate. Nilitafuta kila mahali kwenye gemu, hakukuwa na njia ya kumfuata. Tukaendelea, tukapanda, tukavuna, mvua zikaja zikaondoka, maana huko mwaka unapita kwa mchana mmoja. Kila tulipopita kwenye nyumba yake tuliona nyasi zimepanda zaidi mlangoni. Waliotengeneza gemu ile walikuwa watu makini kweli. Hata buibui waliweka kwenye dirisha.

Mama akasema mguu unamuuma, nizime. Siku iliyofuata hakuuliza habari za watu wake. Wala iliyofuata. Wanakwaya walipokuja aliwaambia mashine ina hitilafu, nami nikaitikia kwa kichwa. Nilipika, alikula na kushukuru, nikaona tumerudi kwenye ule ukimya wetu wa mwanzo, na safari hii uliniuma kwa sababu nilishazoea mengine.

Mambo yalibadilika jioni moja jikoni. Alikuwa ameanza kutembea kwa magongo, akaja akaketi kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa, kuota moto. Mimi nilikuwa namenya viazi, vya kwanza vikiwa tayari motoni. Aliniuliza, kama anayeuliza bei ya chumvi, mama yangu alisema nini siku niliposema naolewa Iringa.

Nikamwambia hakusema mengi.

"Hayo machache ndiyo nayataka."

Basi nikamwambia. Alisema Wahehe ni wakali, nisije nikajaribu kubishana nao. Alisema Iringa hakuna ndizi za maana, nitakondeana. Na alisema huko mbali nikiumwa nani atanichemshia uji.

Mama mkwe wangu alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo, mpaka gongo moja likaanguka. Alisema ndizi za Iringa kweli ni za aibu, hilo mama yako kasema kweli. Halafu akachokoa mkaa kwa kijiti.

"Na alikuruhusuje?"

Nikamwambia mama aliogopa, akanena hofu yake yote, kisha akaenda kununua kitenge cha kunifunga siku ya kuniaga. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hata leo akinipigia simu anauliza kwanza kama nimekula.

Alitikisa kichwa polepole. "Mimi hofu yangu niliifanya jibu," akasema. "Yule wa kwenye runinga kaenda na hatumpati. Wangu bado namba yake ninayo. Nipigie."

Nilinawa mikono nikampigia wifi. Nilitaka kutoka nje, mama akanionyesha kwa mkono nibaki. Hakuomba radhi, si mtu wa kuomba radhi kwa simu. Alimuuliza mwanawe kama amekula. Akamuuliza kazini wagonjwa ni wengi. Kisha akauliza, kama jambo dogo lililokuwa limemponyoka, huyo kijana wa watu anakula mlenda au hawezi. Nikasikia wifi akisema anakula, mama, anakula kila kitu. Mama akasema basi siku ya mapumziko waje wote, yeye hawezi kwenda Rujewa na magongo. Alipokata simu alinipa akasema viazi vinaungua, na kweli vilikuwa vinaungua.

Walipandia basi Igawa, wakafika mchana na gunia la mchele, kidumu cha samli, na jogoo aliyesafiri miguu imefungwa na bado akashuka na heshima yake. Kijana alikuwa mrefu hivi kwamba aliinama mlangoni. Alisalimia mpaka kwa magoti, mtu mzima wa watu, akakaa kwenye kiti kidogo kuliko vyote kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Alikunywa chai moto kwa haraka akajiunguza, akasema ni nzuri. Wifi yangu alikuwa anamtazama mama, mimi nawatazama wote.

Mama ndiye aliyeanza. Aliniambia niwashe mashine.

Nilidhani nimesikia vibaya. Lakini niliwasha, bonde likatokea, na akaanza kumwonyesha mgeni: hapa ndipo tulipozika mzee, hili ndilo daraja lililotumalizia kuku, hapa palikuwa na mizinga. Ile nyumba iliyoota nyasi mlangoni aliipita. Kijana aliangalia kwa makini. Alipoona tulipoweka ng'ombe, akasahau woga. Akasema mama, samahani, hapo si pa ng'ombe. Hapo ni kando ya mto, wakinyesha wanachafua maji ya wanaolima. Ng'ombe wangepelekwa kule juu, penye mawe, washuke kunywa jioni kwa zamu. Akaeleza jinsi wao na wakulima jirani zao walivyogawana maji baada ya kugombana miaka, nani anapita na mifugo wapi na mwezi gani. Mama akambishia. Yeye akajibu kwa adabu lakini hakurudi nyuma. Mama akambishia tena, na nilimjua vya kutosha sasa kuona kwamba anafurahi.

Mwisho akamuuliza lile alilokuwa amelibeba: na ninyi mkiambiwa mhame tena?

Kijana aliweka kikombe chini. Alisema babu yake amezikwa Usangu, na yeye kazaliwa Usangu. Alisema hawezi kuahidi mambo ya serikali wala ya mvua. Anachoweza kuahidi ni kwamba popote atakapokuwa, chumba cha kwanza kujengwa kitakuwa cha mama mkwe, tena chenye dirisha la kuelekea asubuhi. Mama alisema dirisha la kuelekea asubuhi lina jua kali. Ndivyo alivyokubali.

Haikuwa rahisi yote. Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba mkwe, alikuja na sababu nyingi, ya kabila, ya kanisa, ya umbali. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia hofu yake ni ya haki na aendelee kuwa nayo, ila jibu lilishatoka. Mzee alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumuunga mkono, akamkuta mume wangu anakula yule jogoo wa mchumba.

Bonde letu nalo tuliliendeleza. Ng'ombe tuliwapandisha penye mawe. Asali haikurudi, na mama hakuruhusu nyumba ya yule binti ivunjwe hata tulipokosa mbao. Shule zikafunguliwa, nikawa narudi jioni nakuta ameshanichemshia maji ya kuoga, na jambo la kwanza anasema chumvi ya jana ilizidi. Nilifurahi kuambiwa. Mwanamke anayekwambia chumvi imezidi amekuhesabu mtu wa nyumbani.

Harusi ilifanyika Rujewa baada ya mavuno, mashamba yakiwa yamebaki mabua na ndege weupe wakiokota mabaki. Tulikwenda na basi dogo la kukodi, wanakwaya wote ndani, mwenyekiti na mama wa ghala wamekaa kiti kimoja wakiendelea na kesi ya daraja tangu Mafinga. Mama alivaa gauni la bluu na raba, kwa amri ya daktari. Njia nzima alikuwa ananong'ona peke yake. Nilidhani anasali. Nilipouliza, alisema kuna muuguzi wa Kisukuma kule kliniki ya mguu, amemfundisha salamu yao, na hataki kuaibika.

Tulishuka jua limeshaanza kuegemea magharibi. Upande wa bwana harusi walikuwa wamejipanga kutupokea, na katikati yao alikaa bibi yao mkubwa kwenye kiti cha uvivu, macho hayaoni vizuri, mikono juu ya fimbo. Mama aliwapita wote, akaenda akainama mbele yake.

"Mwangaluka," akasema, kwa sauti ya kwaya.

Vijana wakaanza kuziba midomo. Hiyo ni salamu ya asubuhi. Bibi aliinua uso kuelekea sauti ilikotoka, akamtafuta mama kwa mkono mpaka akamshika bega, akaitikia kikamilifu, kama ndiyo kwanza kumekucha. Kisha akageuka akawaambia wajukuu zake walete chai na viazi vya kuchemsha, mgeni hajapata kifungua kinywa.

Vikaletwa. Tukala viazi saa kumi na moja jioni, kwanza tukicheka, kisha tukila kweli, maana safari ilikuwa ndefu, na ngoma zikaanza tukiwa bado tunafuta mikono.